Spana Zetu Zilirudi kwa Daraja la Tatu

Jumatano, mwezi wa tano, 1975. Mvua ilianza kabla ya jogoo, ikakatika ghafla kulipopambazuka, ikatuachia ukungu juu ya mto na matope mekundu mpaka kizingitini.

Hayo ndiyo niliyoandika siku ile. Mwalimu wangu wa darasa la sita alitufundisha kwamba mtu akishaandika siku na hali ya hewa, mengine yatamjia yenyewe. Sikulipita darasa hilo, kwa hiyo sijui kama darasa la saba walifundishwa zaidi. Mengine ya siku ile sikuyaandika, maana miaka ile haikuwa ya kuandika kila kitu. Nayaandika sasa, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari hapa Jinja. Gereji yetu ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Masese: uzio wa mabati, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na uwanja mweusi kwa mafuta machafu. Alikuwa na namna yake ya kazi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Akimaliza kutengeneza injini hakuyaamini macho yake, wala mishale ya kwenye dashibodi. Aliamini sikio. Alichukua fimbo ya chuma, ncha moja akaiweka juu ya injini, nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Sasa, mtu hawezi kusikiliza hivyo huku anakanyaga mafuta. Alihitaji mguu, na mguu huo ukawa wangu.

"Kanyaga, maama. Achia. Kanyaga tena. Hapohapo, usitikisike."

Mguu ukazaa mikono. Akaanza kunifundisha gia, kisha tukawa tunalitembeza kila gari lililopona mpaka Masese na kurudi, mimi kwenye usukani, yeye kakaa pembeni ametoa kichwa dirishani, anasikiliza. Wavuvi kule mwaloni walikuwa wakipiga kelele, "Leo bibi fundi kapanda cheo!" Kesho yake wananiona na gari jingine, kubwa zaidi. Hivyo ndivyo mimi, mtoto wa fayamani wa reli, mchochea makaa wa treni, niliyezaliwa kwenye landhi za wafanyakazi wa treni na sijawahi kumiliki hata baiskeli, nilivyoendesha karibu kila gari lenye nguvu katika mji ule.

Mengi yalikuwa yameachwa na wafanyabiashara Wahindi waliofukuzwa nchini miaka mitatu nyuma. Wengine wao walikuwa watu wema kwetu, wengine hawakuwahi hata kuitikia salamu. Nayasema yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli. Magari yao yaliingia mikononi mwa wanajeshi, na mikononi mwa wanajeshi yalikufa haraka.

Gari lenye nguvu halipigi kelele, hilo nimelijua kwa mguu wangu. Ukilikanyaga kidogo linajikusanya chini yako kama fahali anayeinuka, halafu kiti kinakubana mgongo, na miwa ya pande zote mbili inageuka ukuta wa kijani. Nilijiuliza mara nyingi kama ni dhambi kulifurahia jambo ambalo limefika kwako kwa machozi ya watu wengine. Nilifurahia.

Kuna desturi moja ya gerejini lazima niieleze, maana kila kitu kilitoka humo. Gari la mteja likilala kwetu, jioni tulikuwa tunafungua boneti, tunainua kifuniko cha distributa na kuchomoa rota. Rota ni kipande kidogo cheusi chenye ulimi wa shaba, hakizidi kidole gumba, lakini bila hicho moto haufiki kwenye plagi. Mimi ndiye niliyekitunza. Nilikifunga kwenye kona ya kitambaa changu cha kichwa, nikifika nyumbani nakitia kwenye kopo la chumvi, ambalo miaka ile, kwa uhaba wa chumvi, lilikuwa na nafasi ya kutosha. Aje mwizi, aje mwenye bunduki, gari haliwaki. Hata tukisimama Masese kununua samaki, nilikuwa natoa rota kwanza. Mkono ulizoea kabisa. Ilikuwa kama kufunga mlango unapotoka.

Sasa nije kwenye lile gari.

Kapteni mmoja wa Mbale alituletea gari jeusi la silinda sita, gasketi imeungua. Koplo wake ndiye aliyeliendesha bila maji, na alikiri mwenyewe mbele ya bosi wake. Nampa haki yake kwa hilo, maana wengi wangemsukumia lawama fundi aliyetangulia. Kapteni aliogopa kwamba tutanyofoa vipuri au tutavuka nalo kwenda Kenya. Akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye sanduku la spana.

"Pakia hiyo," akamwambia koplo. Halafu akamgeukia mume wangu. "Gari ikirudi, sanduku narudi."

"Na gari lisiporudi, afande?"

"Basi hutahitaji spana."

Lilikuwa sanduku la mbao lenye pembe za bati. Mume wangu alianza kulijaza tangu alipokuwa anajifunza kazi, spana moja leo, nyingine baada ya mwaka. Watoto wetu walikula kutoka kwenye lile sanduku. Liliporushwa juu ya lori la jeshi nilisikia vyuma vikilia, na mume wangu akageuza uso kama mtu aliyeona mtoto wake anapigwa kibao.

Alilitengeneza gari kwa spana za kuazima. Spana ya kuazima inakaza huku inaangalia mlango. Hata hivyo alimaliza, na injini ikatulia mpaka ukiweka glasi ya maji juu yake hayatikisiki. Ndipo akafanya kosa: alifungua kifuniko cha rejeta kabla haijapoa, maji ya moto yakamrukia mkono wa kulia. Lilikuwa kosa lake, na yeye mwenyewe husema hivyo. Na kabla lengelenge halijapasuka, ujumbe ukaja kutoka Mbale kwa mdomo wa dereva wa lori: gari liwe kwa kapteni Jumatano kabla ya adhuhuri, kuna mgeni mkubwa.

Mume wangu alikaa juu ya tairi, mkono umefungwa kwa jani laini la mgomba.

"Nani atalipeleka?"

"Mguu wako," nikasema.

"Mpaka Masese, sawa. Mbale si Masese."

"Lami ni lami, baba watoto. Ile imerefuka tu."

"Na vizuizi vya askari?"

"Siku hizi vipo hata njiani kwenda kisimani."

Hakucheka. Akasema, "Usirudi bila sanduku." Akajirekebisha. "Hapana, nimekosea. Rudi hata bila sanduku. Lakini jaribu, maama."

Kwa hiyo Jumatano ile yenye matope niliosha miguu, nikavaa gauni refu, maana amri ya kupiga marufuku nguo fupi tuliijua sote, nikafunga kitambaa cha kichwa. Kwenye buti nikaweka kikapu cha ngege waliokaushwa kwa moshi, wa Masese, wa kumpelekea shangazi yangu aliyekaa Namatala, palepale Mbale. Nilijua si adabu kupakia samaki kwenye gari la mkubwa. Nikaona kama nakwenda kuomba kilicho chetu, angalau njiani nisafirishe na cha kwangu.

Kwenye kizuizi cha kwanza niliona maajabu. Askari aliliona gari tu, akakimbia kuinua mti, akapiga saluti. Mkono ulikuwa tayari kwenye paji la uso alipoona nani yuko ndani. Ukabaki hapo. Akafungua mdomo, akaufunga, nami nikamwinamishia kichwa kama nilivyoona wake za wakubwa wakifanya, nikapita. Sikudanganya neno. Yeye ndiye aliyesalimia gari.

Kwenye kizuizi cha pili waliniuliza.

"Mama, hii gari ya nani?"

"Ya kapteni wa Mbale, afande."

"Na wewe ni nani yake?"

"Mimi ndiye namrudishia."

Wakatazamana. Hawakujua kama hilo ni cheo au si cheo, na mimi sikuwasaidia. Mti ukainuka.

Baada ya hapo barabara ilifunguka. Iganga ikapita, mabwawa ya mafunjo yakapita, na mimi nikaanza kuimba. Nakiri kwamba kwa sehemu fulani ya njia nilisahau sanduku, nikasahau mkono wa mume wangu. Kulikuwa na lori la jeshi mbele yangu, limejaa askari, linapanda kilima polepole kama bibi kizee. Mtu mwenye akili angekaa nyuma yake. Nilishuka gia, nikakanyaga, lile gari likajikusanya, nikawapita wote pamoja na bunduki zao. Mmoja akanipungia mkono. Sijui kwa nini, labda alikuwa kijana mwema tu.

Karibu na Tororo reli inakata barabara, na hapo nikasimamishwa na mtu ambaye hakujali saluti: mzee wa lango la treni, ana kibendera chekundu na koti la mvua lililochanika. Treni ya mizigo ilikuwa inapita. Nilikaa na silinda zangu sita zinanguruma, nikamkumbuka baba. Alikuwa akitoka kazini mweusi kwa makaa, macho tu yanaonekana, anakaa kwenye ngazi ya landhi na kusema, "Treni ni mwalimu. Aliyeko daraja la kwanza na aliyeko la tatu wanafika pamoja, na wote wanamsubiri aliye na ufunguo wa maji ya injini." Nilipokuwa mtoto nilidhani anajisifu. Lango likafunguliwa, nikamsalimu yule mzee kwa mkono. Akatikisa kibendera.

Mbale ilikuwa na wingu limelala juu ya mlima Wanale, na maporomoko yanang'aa kwa mvua ya usiku. Nyumba ya kapteni ilikuwa upande wa miti mikubwa, nyumba za maofisa tangu zamani. Niliingia kwenye changarawe, nikazima injini, nikashuka, nikafungua boneti kutazama kama maji yanavuja. Hayakuvuja. Nikafunga, nikajifuta mikono, nikarekebisha kitambaa changu.

Sanduku letu lilikuwa palepale nje, kwenye kivuli cha banda la uani. Koplo alikuwa amelikalia anang'arisha viatu. Aliponiona akasimama haraka, nadhani kwa aibu.

Kapteni akatoka, mkanda haujafungwa vizuri. Alikuwa mtu wa kimo cha wastani, uso mzuri, nasema ukweli, na sauti ya kanisani. Akalizunguka gari, akaligonga kwa kidole, akaridhika. Akafungua buti.

"Gari yangu nanuka samaki!"

"Ni ngege, afande. Nawatoa sasa hivi."

"Nani naendesha hii gari kutoka Jinja?"

"Mimi, afande."

"Wewe nani?"

"Mke wa fundi. Mwenyewe kaungua mkono."

Alicheka mpaka akashika paa la gari. "Koplo! Koplo, sikia! Wewe naua gari yangu, mwanamke nafufua, tena na kikapu ya samaki!" Koplo akacheka pia, kama mtu anayecheka kwa amri.

Nilisubiri kicheko kiishe. "Afande, gari limefika. Nimekuja kuchukua sanduku."

Kicheko kikapungua. "Sanduku gani?"

"Lile alilokuwa amekalia koplo."

"Ah, ile. Ile nafanya kazi hapa. Spana zuri sana. Bwana yako ni fundi, hawezi kukosa zingine."

"Hana nyingine, afande. Ulisema gari likirudi, sanduku litarudi."

"Mimi nasema vitu mingi." Akaangalia saa. "Nenda nyumbani, mama. Shukuru Mungu umefika salama. Koplo, washa gari, twende stesheni, mkubwa anakuja na treni ya Soroti."

Nilikuja kujua baadaye kwamba gari la huyo mkubwa lilikuwa limezimika Soroti, ndiyo maana akapanda treni kama sisi. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba nimepoteza. Niliinua kikapu changu. Nilikuwa tayari nimepiga hatua kuelekea barabarani, na nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo.

Nyuma yangu koplo akawasha. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akajaribu tena. Niliifahamu sauti ile, kila asubuhi naisikia gerejini kabla hatujarudisha kile tulichotoa. Nikapeleka mkono kichwani. Kwenye kona ya kitambaa kulikuwa na fundo gumu.

Sikuwa nimepanga. Naapa sikupanga. Mkono ulikuwa umezima injini na kufanya kazi yake ya kila siku, kama unavyofunga mlango. Ningeweza kugeuka na kusema, samahani afande, mazoea, hii hapa. Mpaka leo najiuliza mtu muungwana angefanya nini. Lakini nililiona lile sanduku, na alama ya makalio ya koplo kwenye vumbi la kifuniko chake, nikaweka kikapu chini.

Koplo alishafungua boneti. Alikuwa ameinua kifuniko cha distributa, anakodoa macho ndani.

"Afande. Rota hakuna."

"Hakuna namna gani?"

Koplo aligeuka. Alinitazama mimi.

"Iko," nikasema. "Haiko mbali."

Kapteni alinijia polepole. Ile sauti ya kanisani ikashuka chini zaidi. "Wewe mama. Unajua unaongea na nani?"

"Najua, afande. Ndiyo maana naongea kwa heshima."

"Unajua watu napotea siku hizi?"

Nilijua. Jirani yetu mwenye duka la nguo alitoka kwenda kununua mkate na mkate haukurudi, wala yeye. Magoti yalikuwa yananicheza ndani ya gauni lile refu, na kwa mara ya kwanza nikaishukuru ile amri ya nguo. "Najua wanapotea," nikasema. "Na spana pia zinapotea. Mimi nimekuja kwa ajili ya spana."

"Nitakupekua. Nitatafuta mpaka kwenye nywele!"

"Pekua, afande. Lakini mkubwa atashuka stesheni, atauliza kapteni yuko wapi, na watu watamwambia yuko nyumbani anapekua mwanamke wa samaki."

Koplo akakohoa. Akaingiza kichwa ndani ya boneti, akabaki humo, mabega yanatikisika.

"Koplo! Chukua rota ya gari ingine!"

"Haiingii, afande," sauti ikatoka chini ya boneti. "Ya silinda sita iko peke yake."

Ndipo treni ikalia. Ilikuwa bado upande wa juu wa mji, filimbi ndefu moja, ya kuomba njia. Mtoto wa landhi anaisikia filimbi hiyo tumboni. Kapteni naye aliisikia. Alishika mkanda wake, akaufunga, akaufungua tena. Nilimwona kwa ghafla kama mtu mwenye bosi, na sijui kwa nini, nilimhurumia kidogo. Huruma haikunifanya nifungue fundo.

"Sanduku likae kiti cha mbele," nikasema. "Nikiliona humo, gari litawaka."

Alilitazama anga, akalitazama gari, akanitazama mimi. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alicheka, kicheko kifupi, cha kweli. "Koplo! Beba hiyo takataka ya huyu mama! Haraka! Na wewe mama, wewe naendesha. Huyu koplo akishika tena, gari nazima njiani."

Niligeuka upande ili wasione, nikafungua fundo, nikarudisha rota. Gari likashika mara moja. Niliwapeleka stesheni, kapteni nyuma, koplo kajibana karibu naye, na sanduku letu mbele kando yangu kama mke mkubwa, kikapu cha ngege juu yake. Watoto wa Mbale walikimbia pembeni wakishangilia. Sijawahi kuendesha vizuri kama pale. Kila shimo nililikwepa kwa ajili ya zile spana.

Tulifika treni inasimama. Nikazima, nikashuka, na mkono, huo mkono wangu, tayari ulikuwa kwenye boneti.

"Mama!" koplo akaniita kwa sauti ya kulia. "Mama, acha! Tafadhali!"

Nikauondoa. Mpaka leo nikilikumbuka nacheka.

Mkubwa alishuka daraja la kwanza, mnene, amechoka, makunyanzi ya usingizi shavuni. Aliliona gari, akaniona nimesimama karibu na mlango wa dereva.

"Umepata dereva mwanamke, kapteni?"

"Ndiyo, afande. Maendeleo."

Sijui kama alinidhihaki au alijiokoa. Inawezekana yote mawili. Nilichofanya mimi ni kufungua mlango wa mbele, kuvuta sanduku na kikapu, na kusema kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Asante, kapteni, kwa kutimiza ahadi." Mbele ya mkubwa wake angesema nini? Aliinua mkono. Naamini ilikuwa nusu saluti, ingawa jua lilikuwa usoni kwake na huenda alikuwa anajikinga.

Koplo alilibeba sanduku mpaka kwenye behewa la daraja la tatu la treni ileile. Aliliweka chini taratibu. "Mwambie fundi," akanong'ona, "kwamba maji nilitia kila siku. Ni ile siku moja tu." Nikamwambia nitamfikishia, na nilifikisha.

Sikwenda Namatala. Shangazi alinilaumu miezi mingi.

Daraja la tatu lilikuwa kama siku zote: mabenchi ya mbao, kuku, magunia, dirisha lisilofunguka na jingine lisilofungika. Asubuhi nilikuwa napigiwa saluti, mchana nasukumwa kiwiko na mbuzi. Niliketi juu ya sanduku. Karibu yangu alikaa mama mmoja mfanyabiashara kutoka upande wa Kenya, mnene, ana mzigo wa vitambaa alioukalia kama mimi.

"Umekalia nini, dadangu?"

"Mume wangu."

"Haya," akasema, "wangu nimekalia pia, ila yeye amekunjika." Tukacheka, tukagawana ndizi.

Tororo tulibadilisha treni, na hapo askari wa ukaguzi akatukuta kwenye plati, jukwaa la abiria. Kijana, macho mekundu.

"Fungua hiyo sanduku. Nabeba bunduki?"

"Spana, bwana."

Akafungua, akaanza kuzipindua. Akachukua moja, akaigeuza kwenye mwanga, nikaona inaanza kumpenda. Nilisimama, nikanyoosha kiganja.

"Rudisha hapo."

"Unasema nini?"

"Nasema rudisha. Nimeshamwambia mkubwa kuliko wewe leo, naye alirudisha."

Yule mama wa vitambaa akasema kwa sauti ya sokoni, "Na wewe kijana unataka kukaza nini? Anza na kifungo chako cha shati, kinaning'inia!" Plati nzima ikaangua kicheko, hata mpiga kengele. Kijana akashika shati lake. Nilidhani atatupiga. Badala yake alirudisha spana, akafunga kifuniko, na treni ya Jinja ilipokuja, aliinua upande mmoja wa sanduku, mimi mwingine, akanipandisha. Naandika hili kwa sababu lilitokea, na kwa sababu wengi wanaposimulia miaka ile huwaacha nje watu kama yeye, au huwaweka peke yao. Ni haki wawemo, pamoja na wale wengine.

Treni ikaenda mwendo wake, ikisimama kila mahali penye mtu na kikapu. Nilisikia kila kiungo cha reli kikigonga chini ya sanduku. Sikulikumbuka lile gari hata mara moja mpaka Iganga, na nilipolikumbuka, nililikumbuka kwa mguu.

Nilifika Jinja jua linazama nyuma ya mto. Mume wangu alikuwa stesheni, mkono kifuani, amesubiri treni mbili. Hakulitazama sanduku kwanza. Alinitazama mimi, juu mpaka chini, kama anavyotazama gari lililogongwa. Ndipo akapiga magoti palepale, akafungua kifuniko kwa mkono wa kushoto, akaanza kuzigusa moja moja.

"Namba kumi na tatu haipo," akasema.

Haikuwepo kweli. Sisemi ni kapteni, wala koplo, wala yule kijana wa Tororo. Inawezekana iliazimwa na mtu wa Masese kabla ya yote hayo. Mume wangu huwaazimisha watu ovyo. Nilimsimulia njia nzima ya kwenda nyumbani, yeye ameshika mshikio mmoja na mimi mwingine. Nilipofika pale pa fundo, alisimama katikati ya barabara.

"Maama. Wangekuua."

"Ndiyo."

"Na kama angeikuta?"

"Angekuwa na rota. Spana zingekuwa bado zetu."

Alitembea kidogo. Kisha akasema, "Kesho nitakuachia wewe funguo za gereji," na hakulizungumzia tena, lakini tangu siku hiyo, mteja mwenye nyota mabegani akitaka kuchukua kitu cha dhamana, mume wangu alikuwa anamwambia, "Zungumza na yule pale."

Sijui kama nilikuwa jasiri. Nimelifikiria mara nyingi, na nadhani mkono wangu ulikuwa na mazoea tu, ila mdomo ulichagua, nao ningeuruhusu uchague vilevile tena.

Jioni ile tulikula wale ngege wa Masese, waliokwenda Mbale kwenye buti la mkubwa na kurudi kwa daraja la tatu. Niliwapika kwa mchuzi wa karanga, na viazi vitamu vya kuchemsha. Chumvi haikuwepo, kopo lilikuwa tupu, halina hata rota. Watoto walilamba sahani.